Jinsi ya Kupima Pedi, Konsoli na Gemu kwa Mkono

Muuzaji wa konsoli huwasha kwanza gemu yenye picha kali kuliko zote dukani na kuiacha ijicheze yenyewe kwenye televisheni kubwa. Mnunuzi anatazama jasho linavyometa usoni mwa mshambuliaji, na bei inakubalika hapohapo. Mimi huomba pedi. Gemu imetengenezwa ichezwe, na ubora wake unakaa katika ule muda mfupi kati ya kidole na skrini: mashine inatii au haitii, inatii upesi kiasi gani, na inatii vilevile kila mara? Mengine hupimwa baada ya hapo.

Pedi ndiyo inayoguswa muda wote, na ndiyo inayoghushiwa kuliko kitu kingine chochote. Kariakoo au Luthuli Avenue, pedi kopi hukaa kabati moja na pedi asili, na kwa macho ni vigumu kuzitenganisha. Iweke kiganjani. DualShock asili, pedi ya PlayStation, ina mota mbili za mtetemo, moja yenye chuma kizito na nyingine yenye chuma chepesi, kwa hiyo risasi inayopita na gari linalogonga ukingo hazitikisi mkono kwa namna moja. Kopi nyingi ni nyepesi na zina mtetemo wa aina moja tu. Bonyeza kitufe pembeni badala ya katikati: kitufe kizuri hushuka wima na kurudi, kibaya huinama na kukwama. Pitisha ukucha kwenye mshono wa plastiki. Ukinasa, vipande viwili vya plastiki havikutoka kwenye kalibu nzuri, na hata ndani usitegemee makubwa.

Halafu jaribu msalaba wa mwelekeo. Gunpei Yokoi wa Nintendo aliutengeneza kwa ajili ya Donkey Kong ya Game & Watch mwaka 1982, na hadi leo hakuna aliyemzidi kwa mbali. Ni kipande kimoja kinachoegemea katikati, hivyo kulia na kushoto haviwezi kubonyezwa pamoja, na dole gumba hujua lilipo bila msaada wa macho. Shikilia kulia, kisha viringisha dole kidogo juu na chini bila kuliinua. Mhusika akiruka au kuchuchumaa bila kuamriwa, mpira wa ndani umelegea au ulikuwa hafifu tangu kiwandani. Kwa mpenzi wa gemu za ngumi, pedi hiyo haifai hata kwa nusu ya bei.

Kijiti cha analogi kinataka subira zaidi. PlayStation ya mwaka 1994 haikuwa nacho. Nintendo 64 ilikifanya kuwa kiungo muhimu mwaka 1996, na DualShock ikaja na viwili mwaka 1997. Ndani ya kijiti cha kawaida, kipande kidogo cha chuma huteleza juu ya njia ya kaboni, na umeme unaopita huiambia mashine kijiti kimelala wapi. Kaboni hulika. Ikishalika, kijiti husema kimesukumwa hali hakijaguswa, na mchezaji wako anatembea peke yake kuelekea kona. Kuna njia nyingine inayotumia sumaku na kihisi kisichogusana nayo, ambayo haina cha kulika. Sega waliitumia kwenye pedi ya Dreamcast mwaka 1998, na baadhi ya pedi mpya za leo zimeirudia. Ukiona pedi ya namna hiyo kwa bei unayoimudu, ichukue.

Kwa pedi ya mtumba, fungua gemu yenye mhusika anayeweza kunyata. Sukuma kijiti kidogo sana, kidogo kuliko unavyodhani inatosha, umzungushe duara zima kwa mwendo huohuo wa polepole. Kijiti kizima humwongoza bila kusita. Kilicholika kitaruka kutoka kunyata hadi kukimbia mahali fulani kwenye duara, tena palepale kila ukipita. Kisha kivute hadi mwisho na ukiachie ghafla, pande zote nne. Kisiporudi katikati na kutulia, usikubali kuambiwa kwamba dawa ya kupuliza itamaliza tatizo. Dawa huondoa vumbi kwa muda. Kaboni iliyokwisha hairudi.

Konsoli yenyewe naipima kwa joto na kwa macho yake, yaani lenzi. Icheze gemu nzito kwa nusu saa, halafu weka kiganja penye tundu la hewa. Hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni habari njema, maana joto linaondoka. Feni inayonguruma huku hewa inatoka kidogo ina maana vumbi limeziba mapezi ya kupozea, au ile pasta inayokaa juu ya chipu imekauka. Joto si jambo la kupuuza: Xbox 360 iliyotoka mwaka 2005 ilikufa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2007 Microsoft ilirefusha dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa gharama hiyo. Ilikuwa na gemu bora kabisa, na mashine haikuweza kuzibeba.

PlayStation 2 bado inauzwa mitumba, na mabanda ya gemu ya kwetu yameishi nayo miaka mingi, kwa hiyo nitaisemea zaidi. Usiijaribu kwa diski moja. Gemu zake za mwanzo nyingine zilikuja kwenye CD zenye tumbo la buluu, na nyingine kwenye DVD zenye tumbo la fedha, na mashine husoma kila aina kwa mwanga wake. Upande mmoja unaweza kufa, mwingine ukabaki mzima. Jaribu zote mbili, na usikilize: lenzi nzuri hutafuta kwa mlio mfupi na kutulia, iliyochoka hurudiarudia mlio uleule kabla ya picha kufunguka. Geuza mashine usome maandishi ya umeme mgongoni. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za volti 230 au 240 utaiunguza.

Televisheni nayo ihojiwe. Gemu inayochora fremu 60 kwa sekunde hutoa picha mpya kila milisekunde 16.7; ya fremu 30 hutoa kila milisekunde 33.3. Runinga nyingi za kisasa huongeza ucheleweshaji wao juu ya huo kwa kuirembesha picha. Zima mapambo hayo, au washa hali ya gemu kwenye menyu, kabla ya kuilaumu konsoli.

Sasa gemu zenyewe. Kipimo changu cha kwanza ni kuruka, au tendo lolote litakalorudiwa mara maelfu. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ukibonyeza kidogo Mario huruka chini, ukishikilia hupanda juu zaidi, na akiwa hewani bado unaweza kumwelekeza. Akisimama huteleza kidogo, kwa hiyo mwili wake una uzito. Kitufe kimoja kimepewa lugha nzima. Celeste ya mwaka 2018 iliongeza huruma: ukichelewa kidogo sana baada ya mguu kuacha ukingo, bado inakuruhusu kuruka. Mchezaji hajui amesamehewa, anahisi tu kwamba mkono wake ulisikilizwa.

Utii, hata hivyo, haudai wepesi. Katika Dark Souls ya mwaka 2011, ukishaamua kupiga kwa upanga, huwezi kuurudisha. Lazima pigo limalizike ukiwa wazi kwa adui. Ni zito, lakini ni zito kwa kanuni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na ukifa unaweza kueleza sababu. Gemu inayokuua bila sababu ya kueleza ni mbovu, hata ikisifiwa vipi. Gemu za mpira nazipima kwa mguso wa kwanza: pasi kali ikimfikia beki mzito, mpira lazima umkimbie kidogo. Winning Eleven za PlayStation 2 zililijua hilo, na kwangu baadhi yake bado zinazipita gemu mpya zenye nyuso zilizopigwa picha kwa uangalifu mkubwa.

Nguvu ya mashine naiweka nyuma makusudi. Yokoi huyohuyo alipendelea teknolojia iliyokwisha kukomaa. Game Boy yake ya mwaka 1989 haikuwa na rangi, lakini betri zake nne zilidumu zaidi ya saa kumi. Game Gear ya Sega ilikuja mwaka 1990 na rangi na taa, ikazimaliza betri sita kwa saa chache. Game Boy pamoja na toleo lake la rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear takriban milioni 10.

Kabla ya kulipia gemu mpya ya diski, ulizia kama diski ina gemu kamili. Siku hizi baadhi huja na kipande tu, kilichobaki ni makumi ya gigabaiti ya kupakua, na kwa anayenunua bando hiyo ni bei ya pili isiyoandikwa kwenye kasha. Bora toleo la mwaka uliopita lililokamilika ndani ya diski, linalowaka hata siku intaneti imekatika, na fedha inayobaki iende kwenye pedi ya pili iliyo asili.