Marumaru, Kigae na Fremu: Maneno ya Bafuni

Istilahi za ujenzi hutafutwa mezani mara nyingi, bafuni mara chache. Hatusemi hivyo kwa dhihaka. Apandaye vilima vya Mwanza, Mabatini au Igogo, huona nyumba zilizokaa juu ya miamba, moja juu ya nyingine. Maji yanayovuja katika bafu la nyumba ya juu hayapati udongo mwingi wa kuyanywa, bali huteremka na mwamba hata ukuta wa jirani. Hapo neno lililokosewa katika mkataba huwa hasara ya fedha, wala si suala la ufasaha peke yake.

Tuanze na marumaru. Neno hili, lililotujia kutoka Kiarabu, ni jina la jiwe linalochongwa na kusuguliwa hata likang'aa. Lakini wauza duka na mafundi wengi, na katika Kanda ya Ziwa husikika pia malumalu, huliita hivyo bamba lolote la udongo uliochomwa, linalobandikwa ukutani au sakafuni. Dukani hapana taabu, kwa kuwa kitu chenyewe kipo mbele ya macho. Katika mkataba hakipo. Mwalimu anayejenga kwake Nyegezi akiandikiana na fundi kwamba bafu litavikwa "marumaru", kisha wakagombana, ni nani atakayeamua kama lilikusudiwa jiwe au udongo, na hali bei zake ni mbalimbali? Kwa hiyo twaunga mkono kigae. Twaijua lawama yake, kwamba kwa asili ni kipande cha chungu kilichovunjika, na kwamba wengine hukijua cha paa tu. Lakini kigae cha bafuni nacho ni udongo uliopita motoni. Kuongeza "cha ukuta" au "cha sakafu" kwatosha.

Fremu ni kosa la namna nyingine. Katika vitabu vya Marekani, kazi ya kujenga bafu huanza kwa kusimamisha mbao wima, kuzikaza kwa misumari na kuzifunika kwa bodi. Mfasiri huandika "kutengeneza fremu", akaendelea na safari yake. Msomaji wa Mwanza ukuta wake ni wa tofali, na fremu kwake ni ya mlango, ama ni chumba cha duka cha kupangisha. Neno kiunzi lingefaa zaidi. Hata hivyo halitoshi, maana mfasiri hana budi kueleza kwamba penye tofali mahali pa kiunzi hushikwa na lipu iliyonyooshwa kwa timazi na pimamaji. Asipoeleza, amefasiri maneno na kuiacha kazi. (Timazi, pimamaji, zege, na mwiko, ambao jikoni ni kitu kingine, ni maneno ambayo mafundi hawahitaji kufundishwa na mtu.)

Pengo kubwa tunaliona penginepo. Wengi hudhani kwamba vigae ndivyo vizuiavyo maji. Sivyo: unyevu hupenya katika mianya baina ya kigae na kigae, hata ikiwa imejazwa grauti vizuri. Kinachozuia ni utando uliopakwa au kutandikwa nyuma ya vigae, pamoja na sakafu yenye mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea tundu la maji machafu. Utando huo hauna jina lililokubalika, na kitu kisicho na jina ni rahisi kusahauliwa katika makadirio. Twapendekeza utando wa kuzuia maji. Ni jina refu, lakini halihitaji mfasiri wa pili, na twaliona bora kuliko neno moja la kuunganishwa ambalo fundi atalicheka.

Grauti iachwe kama ilivyo. Na kwa kile kinachotirirsha maji kichwani, tuseme bomba la mvua. Manyunyu ni mvua nyepesi, na aliyekwisha kulipia bomba hatapenda kupewa manyunyu.