Mwacha Asili na Aliyenyang'anywa Asili

Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumelishwa tangu shuleni, na wazee huitumia sana wanapomkemea kijana aliyesahau lugha ya kwao au aliyebadili jina la ukoo. Sijapata kumsikia mtu akiuliza methali hiyo inamwambia nini yule ambaye babu yake alikuwa mtumwa kweli, si kwa mfano. Mtu huyo yupo. Yupo Pemba, yupo Bagamoyo, yupo Mombasa, yupo Ujiji. Tuseme siku moja anafunga safari kuja bara kutafuta mahali babu yake alipotolewa, na anashuka hapa Dodoma akiwa na neno moja tu mkononi aliloachiwa na wazee wake: Mgogo. Nimekusudia kuvipima vitabu vitatu ambavyo mtu kama huyo angeshauriwa avisome, ili tuone kila kimoja kinamfikisha wapi.

Cha kwanza ni cha Mwingereza. Henry Stanley Newman alikuwa wa dhehebu la Wakweka, ambao wenyewe hujiita Marafiki. Mwaka 1898 alichapisha London kitabu alichokiita Banani, na chini ya jina hilo akaeleza kuwa habari zake ni za mpito kutoka utumwa kwenda uhuru katika Unguja na Pemba. Wasomaji wetu wengi wakisikia Wakweka huwaza Kaimosi, magharibi mwa Kenya, walikofika Wamarekani mwaka 1902. Lakini Wakweka wa Uingereza walikwisha kutangulia Pemba kwa miaka mitano, nao hawakuvutwa na kuhubiri peke yake. Mwaka 1688 Wakweka wachache wa Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kuupinga utumwa. Mwaka 1787, ilipoundwa London kamati ya kupinga biashara ya watumwa, watu 9 kati ya 12 walioianzisha walikuwa Wakweka. Tusiwatukuze kupita kiasi, maana Wakweka wengi wa Marekani walimiliki watumwa, na ule waraka wa Germantown wenzao waliuweka kando. Hata hivyo, ikifika miaka ya 1890, Wakweka walikuwa miongoni mwa watu walioisumbua sana serikali yao kuhusu watumwa wa mashamba ya karafuu.

Mwaka 1897, mwaka uleule ambao Sultani Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri ya tarehe 6 Aprili ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria, Wakweka wakaanza kazi Pemba. Walipata shamba pale Banani, karibu na Chake Chake, na Theodore Burtt, aliyekuwa mwenzake Newman, akabaki huko miaka mingi akiliendesha. Walioachwa huru wakapata mahali pa kufanya kazi kwa ujira.

Newman namheshimu. Kwao Leominster alikuwa mlezi wa yatima, akawaanzishia kiwanda cha uchapaji wapate ufundi, na jicho hilo la mlezi ndilo alilokuja nalo Pemba. Alifahamu kwamba mtu aliyeachwa huru bila kazi wala pa kulala amepewa njaa tu. Wengi waliopiga kelele dhidi ya utumwa kutoka mbali hawakulifikiri hilo. Lakini tazama anwani ya kitabu chake. Mpito wake unaanzia utumwani. Mtu anaingia katika habari akiwa tayari ni mtumwa, na kazi ya mwandishi ni kumvusha hadi ng'ambo ya pili. Kule alikokuwa kabla ya ng'ambo ya kwanza, alipokuwa mtoto wa fulani katika kijiji fulani, hakumo katika safari hiyo. Sidhani kama ni uzembe. Mwandishi alikuwa na jambo la kuwashawishi wasomaji wake wa Uingereza watoe fedha na waibane serikali, na kwa shughuli hiyo kijiji cha bara hakikuwa na haja.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba watu hawa ni hodari wa kuandika kumbukumbu kuliko karibu dhehebu lolote. Mjukuu wa Mkweka wa karne ya 18 akitaka kujua babu yake alizaliwa wapi, alimwoa nani na alizikwa wapi, anayo madaftari ya mikutano yao ya kila mwezi, yaliyohifadhiwa vizuri London na Pennsylvania. Mjukuu wa mkombozi anafika kwao kwa kufunua kurasa. Mjukuu wa aliyekombolewa anarudi nyuma hadi Banani, na hapo njia inakatika. Kwake yeye Banani ndiyo asili.

Sheria nayo ilimsaidia kupotea. Kwa amri ile ya 1897 mtumwa hakuwa huru mpaka aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na akishaupata ilimpasa aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Swali la serikali lilikuwa: utakaa wapi? Utatoka wapi na ulitoka wapi ni maswali mawili tofauti, na hakuna lililokuwa na uzito wa hilo la makazi. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909, na watoto wao walihesabiwa kabila la baba, hata asili ya mama ikazama ndani ya nyumba yenyewe.

Hata pale kabila lilipotajwa, tulipokee kwa uangalifu. Mnyasa aliweza kuwa mtu wa upande wowote wa ziwa lile. Mmanyema, mtu yeyote aliyevushwa kupitia Ujiji. Yalikuwa majina ya njia na ya soko kuliko majina ya nyumbani. Na Mgogo? Barabara kuu ya misafara kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilipita katikati ya Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi, ikapumzika, kisha ikaukata ukame wa Marenga Mkali kabla ya kufika Chunyo na Mpwapwa. Mtu aliyenunuliwa kambini njiani hapa angeweza kuitwa Mgogo siku yote ya maisha yake. Wapo hata wanaosema kwamba jina lenyewe la Wagogo walipewa na hao wapita njia, kwa sababu ya magogo waliyoyakuta kambini. Basi mgeni wetu wa Pemba asidhani kwamba ameshika ufunguo. Ameshika jina la barabara.

Kitabu cha pili kinajulikana zaidi. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilitoka mwaka 1934, na wengi wetu tulikisoma kwa ajili ya mtihani, jambo ambalo ni njia nzuri ya kutokisoma. Mbotela alikuwa mtoto wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini. Kutoka ukoo huo ndiko alikotoka mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, ambaye sauti yake iliuliza kwa miaka mingi kama huu ni ungwana. Wahakiki wamemlaumu Mbotela kwamba anawasifu Waingereza mno, na lawama hiyo ni ya haki. Wakombozi wake hawana doa. Lakini nathubutu kusema kwamba lawama hiyo imetuzuia kuona alichofanya. Yeye si mlezi anayewatazama walioachwa huru. Ni mtoto wao. Aliyoyaandika aliyasikia kwa wazee wake, na kwa hiyo anajua kwamba wao ni Wayao na kwamba walikuwa na nchi. Hapo amempita Newman kwa hatua nzima.

Asichofanya ni kurudi. Bara katika kitabu chake ni mahali pa kutekwa, na heri yote iko pwani, penye kengele ya kanisa na shule. Hilo lilinisumbua kwa muda mrefu, hata nilipoanza kufikiri juu ya maneno waliyoitwa wazee wake. Pwani mtumwa aliyewasili karibuni aliitwa mjinga, au mshenzi. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, na hicho kilikuwa cheo cha juu kidogo. Kutoka bara lilikuwa ndilo tusi lenyewe. Ukisema kwenu ni wapi, umejishuhudia. Ndiyo sababu kule Unguja na Pemba, katika hesabu za watu za 1924 na 1931, waliojiita Waswahili walipungua sana na waliojiita Wahadimu, Watumbatu na Washirazi wakaongezeka. Hakukuwa na tauni iliyowaua Waswahili. Watu walikuwa wanajitoa utumwani kwa njia waliyoiweza, kwa kuwa wenyeji.

Na hapa methali yetu inapinduka. Wazee hawa hawakuwa watumwa kwa kuacha asili. Waliacha asili ili wasiwe watumwa. Anayekuja leo kuwalaumu bibi na babu kwa kutomsimulia, afikiri kwanza ule ukimya ulinunua nini: ndoa ya binti, nafasi msikitini, heshima mtaani. Tatizo ni kwamba mjukuu amerithi heshima na hakurithi habari.

Kitabu cha tatu ni chetu wenyewe. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, ambaye taifa linamkumbuka zaidi kwa ngonjera, alichapisha mwaka 1954 Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Sijui kitabu kingine cha Kiswahili cha miaka ile kilichofanya kazi hiyo kwa watu wa uwanda huu wa kati kwa bidii kama yake. Nguvu yake iko kwenye koo. Mnyampala anaonyesha kwamba Wagogo hawakuota hapa kama mbuyu. Ni watu waliokusanyika, koo hizi zikitoka Uhehe, nyingine Unyamwezi, nyingine upande wa Ukaguru na kwingineko, kila moja na habari ya safari yake. Mgeni wetu akikisoma atafurahi, kwa kuwa hatimaye amekutana na watu wanaokumbuka walikotoka.

Atafurahi kwa muda mfupi. Kitabu hiki ni cha waliokuja. Habari ya ukoo husimuliwa na waliobaki, na kwao aliyechukuliwa ni pengo. Hana watoto hapa wa kumtaja. Wala Mnyampala, aliyeandika chini ya serikali ya kikoloni kwa nia ya kuwapa Wagogo sura ya taifa lenye adabu na historia, hakuwa na sababu ya kulifunua pengo hilo.

Nina swali gumu zaidi kwake, na naliuliza kwa heshima. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba Wagogo walinunua watumwa kutoka kwenye misafara kwa pembe za ndovu. Watu hao walikwenda wapi? Hawakurudi Manyema. Waliolewa, walilima, walichunga ng'ombe, wakazaa, na wajukuu wao ni Wagogo leo, wenye koo na miko. Tunaposoma kwamba ukoo fulani ulitoka magharibi, je, kila mara neno kutoka ni kuhama kwa hiari? Huenda baadhi ya safari hizo zilikuwa na kamba shingoni, na simulizi likaivua kamba ili mtoto apate kukaa na wenzake kikaoni. Kama ni hivyo, basi Ugogo ilifanya kimyakimya kilekile walichofanya watu wa visiwani. Na yule anayekuja hapa kutafuta kwao anaweza kupokelewa na mwenyeji ambaye naye, kama angejua, angekuwa na safari ya kwenda kutafuta kwao.

Wenzetu wa nchi tajiri siku hizi hupima vinasaba. Kipimo hicho kinaweza kusema kwamba damu yako ni ya Afrika Mashariki, pengine kikasogea karibu kidogo. Hakitasema Ihumwa, wala Mvumi. Nyumba yenyewe asitarajie kuiona. Tembe ni udongo na miti, na likiachwa bila kukarabatiwa mvua hulirudisha ardhini. Tena hata waliobaki hawakubaki mahali pale pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo kwa maelfu kutoka kaya zao za zamani kwenda vijiji vya ujamaa. Wapo wazee wanaoishi kilomita chache kutoka makaburi ya babu zao na hawana tena njia ya miguu ya kufikia hapo.

Kinachodumu ni kidogo zaidi ya nyumba. Kila ukoo una mwiko wake, mnyama au kitu kisicholiwa wala kuguswa, na mwiko husafiri mbali kuliko jina. Jina hubadilishwa na bwana siku ya kwanza, akaitwa Feruzi au Mabruki. Lakini hakuna bwana anayeuliza kwa nini mwanamke huyu hali kitu fulani. Kama yuko bibi Pemba ambaye katika nyumba yake nyama fulani haipikwi na hakuna anayejua sababu, huyo ana kumbukumbu bora kuliko daftari la mahakama. Mnyampala angemfaa huyo. Angemfaa zaidi kama mtu mmoja, mwenye Kigogo na mwenye subira, angekwenda kwenye Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani na kukaa na karatasi za walioachwa huru, koo za Mnyampala zikiwa wazi pembeni, akawa anatazama majina ya wazazi pale yalipoandikwa, na kuyasoma kwa sauti kama yanavyotamkwa huku kwetu, si kama karani alivyoyasikia.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji miezi kadhaa, na pango la chumba Unguja.