Nyatiti Iligawanywa kwa Magitaa

Matatu za Bondo zinapoachana na za Busia pale njia panda ya Kisian, mara nyingi spika zinapiga muziki wa benga, na sikio la abiria hukimbilia gitaa la solo. Husemwa kwamba gitaa hilo linaiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari.

Mpigaji wa nyatiti ni bendi ya mtu mmoja. Huketi kwenye kigoda, ala ikiwa imelazwa mbele yake, mikono yake imegawana nyuzi 8, kila mmoja 4. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga mti wa ala, na mguuni kuna njuga, gara. Huku anaimba. Hakuna mkono mmoja unaobeba wimbo wote: noti ya kushoto huangukia penye mwanya ulioachwa na ya kulia, na msikilizaji ndiye anayeziunga.

Vijana wa mwambao wa Ziwa Victoria waliposhika magitaa ya umeme katika miaka ya 1960, kazi za mtu huyo mmoja waligawiana. Katika Shirati Jazz ya D. O. Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 upande wa Tanzania, gitaa la solo humfuata mwimbaji na kumjibu anapovuta pumzi. Gitaa la pili hurudia kipande kifupi, likijaza mianya. Kazi ya pete ya chuma ikahamia kwenye ngoma, na besi ikatoka nyuma na kurukaruka mbele kabisa. Wacharazaji hudonoa uzi mmoja mmoja, noti fupi na kavu, kwa kuwa noti ndefu ingemzibia mwenzao nafasi.

Santuri ndogo nazo zilichangia umbo la benga. Kila upande ulibeba dakika chache tu, hivyo nyimbo nyingi zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Mashairi yakiisha, magitaa huachiwa uwanja. Santuri za mtayarishaji P. O. Kanindo zilivuma hadi Zimbabwe, na huko mtindo wenyewe ukaitwa kanindo.

Wazo la kugawana wimbo lilijitokeza pia mbali na ziwa: mwaka 1957, mtunzi Milton Babbitt wa Marekani alitunga All Set kwa wapigaji 8, Bill Evans akiwa kwenye piano katika onyesho la kwanza Chuo Kikuu cha Brandeis. Babbitt alipanga noti zote 12 kwa mfuatano, kisha akaugawa mfuatano huo vipande vipande kati ya ala za jazi kama saksafoni, tarumbeta na besi. Hapo anakutana na benga: wimbo haukai kwenye ala moja. Wanaachana kwenye marudio. Babbitt aliyakwepa, benga inayaishi. Na kuhusu jazi, yeye alichukua ala na mwendo wake. Shirati Jazz, kama bendi nyingi za Afrika Mashariki za wakati ule, ilichukua zaidi jina.

Ugumu wa kila upande una mahali pake. Wa Babbitt uko kwenye karatasi. Wa benga uko kwa mpigaji wa gitaa la pili, ambaye hatajwi sana na mashabiki. Solo inapoanza kukimbia baada ya mashairi, yeye hubaki na kipande chake kilekile. Akishawishika kukimbia naye, mianya hujaa, besi hukosa pa kurukia, na wachezaji huanza kupotezana na mdundo.