Diski ya pariti inapopewa kazi ya kutunza data

Seva ya nyumbani inayoendeshwa na Unraid ina sheria isiyokwepeka: diski ya data haiwezi kuizidi ukubwa diski ya pariti. Mwenye diski tatu za data za terabaiti 4 na pariti ya terabaiti 4, akinunua diski mpya ya terabaiti 8, hawezi kuichomeka tu akaanza kuijaza picha na video. Programu itaikataa. Inabidi diski mpya ishike kazi ya pariti, na iliyokuwa pariti iwe ya data. Ukisikia hivyo utadhani ni kubadilishana nafasi tu. Lakini katikati ya kazi hiyo seva hukaa saa nyingi bila kinga, na kinachoamua usalama wa data ni hatua ipi inatangulia ipi.

Kwanza tuelewe pariti inatunza nini. Haina faili hata moja, haina folda, haina hata mfumo wa faili. Chukua biti ya kwanza ya kila diski ya data, tuseme ni 1, 0 na 1. Moja ziko mbili, idadi shufwa, kwa hiyo pariti inaandika 0. Zingekuwa tatu, ingeandika 1 ili idadi irudi kuwa shufwa. Sasa diski ya pili ikifa, programu inasoma 1 na 1 zilizobaki, inaangalia 0 ya pariti, na kujua kuwa kilichopotea ni 0. Inaendelea hivyo biti kwa biti hadi mwisho wa diski. Hapo hapo kuna jambo lingine ambalo litatufaa baadaye: diski iliyojaa sifuri tupu, ukiiongeza kwenye hesabu hii, haibadilishi jibu lolote.

Kabla ya kugusa chochote, hakiki pariti iliyopo na usome ripoti ya SMART, yaani kumbukumbu ya afya, ya kila diski. Kujenga pariti mpya kunazisoma diski zote za data mwanzo hadi mwisho, na diski iliyokuwa ikiugua kimyakimya huumbuka wakati huo. Kisha andika namba ya utambulisho ya kila diski, ile iliyochapwa kwenye lebo yake, pamoja na kazi yake. Majina kama sdb na sdc yanaweza kubadilika seva ikizimwa na kuwashwa, namba ya lebo haibadiliki. Kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni kuiweka diski ya data kwenye nafasi ya pariti. Ujenzi ukianza, inafutwa kuanzia baiti ya kwanza.

Baada ya hapo simamisha safu ya diski, ondoa pariti ya zamani kwenye nafasi yake, weka mpya, anzisha ujenzi. Kwa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 8 zinachukua kama saa 15. Penye umeme wa kukatikakatika, UPS inayoweza kuizima seva kwa utaratibu ni ya lazima.

Katika saa hizo, pariti ya zamani inapaswa kukaa pembeni bila kuguswa. Hesabu zake bado ni sahihi mradi hakuna kilichoandikwa kwenye diski za data, na ndiyo maana napendelea ujenzi ufanyike katika hali ya matengenezo, ambapo faili hazifunguliwi kabisa. Diski ya data ikifa katika saa ya kumi ya ujenzi, pariti ya zamani inarudishwa kupitia New Config, zana ya Unraid ya kupanga upya nafasi za diski, programu inaelezwa kuwa pariti hiyo ni halali, na diski iliyokufa inajengwa upya kutoka kwayo. New Config inaruhusu pia kubadilisha nafasi zote mbili kwa mkupuo mmoja. Wanaofanya hivyo wanaokoa muda kidogo, lakini wanaitupa nakala pekee ya hesabu ambayo ingewaokoa. Siioni sababu ya kuwaunga mkono.

Ujenzi ukiisha, fanya ukaguzi wa pariti bila kuiruhusu programu isahihishe chochote. Makosa yakiwa sifuri, pariti ya zamani sasa inaweza kupewa nafasi ya data. Unraid itaiandika sifuri tupu kwanza, kama saa saba na nusu kwa terabaiti 4, na kwa kuwa sifuri hazibadilishi hesabu, diski nyingine zinaendelea kulindwa muda wote huo. Hatua inayofuata ni kuifomati, kwa kawaida kwa mfumo wa faili wa XFS. Hapa soma skrini kwa makini: kama diski yenye data nayo inaonekana kwenye orodha ya zitakazofomatiwa, acha mara moja. Kufomati ni kuandika, na pariti husasishwa papo hapo kufuata kilichoandikwa, kwa hiyo haitakuwa na uwezo wa kurudisha kilichokuwapo.

Bado kuna swali la afya ya diski hiyo iliyokuwa pariti. Kila kilichoandikwa kwenye diski yoyote ya data kiliifanya pariti nayo iandikwe, kwa hiyo hii ndiyo iliyoandikwa kuliko zote. Uandikaji wa sifuri umeipitia yote, basi fungua tena ripoti yake ya SMART. Thamani ya kipengele namba 199 ikiwa imepanda, mara nyingi tatizo ni kebo. Lakini ya 5, inayohesabu sekta zilizohamishwa, ikiwa imeongezeka wakati wa zoezi hili, au ya 197, ya sekta zinazosubiri uamuzi, ikigoma kurudi sifuri, diski hiyo isipewe picha za familia. Iondoe kupitia New Config, pariti ijengwe upya, na nafasi yake ibaki wazi hadi ipatikane diski iliyo nzima.