Mama wa Mmisionari
Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao makuu Salt Lake City, Marekani, umisionari, yaani utumishi wa kueneza imani bila mshahara, huchukua miezi 24 kwa vijana wa kiume na miezi 18 kwa wa kike, lakini kazi ya mama anayebaki nyumbani haimo katika hesabu hiyo. Mara nyingi ndiye anayefuatilia chanjo, pasipoti na matibabu ya meno kabla ya safari, anayechagua viatu vya kustahimili mwendo wa kutwa nzima, na anayebana matumizi ili mchango wa kila mwezi wa kumtunza kijana huko aliko usikosekane.

Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa kutoka miaka 19 hadi 18 kwa wavulana, na kutoka 21 hadi 19 kwa wasichana, hivyo akina mama wengi wakajikuta wakiwaaga watoto waliotoka shuleni juzi tu. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2019, simu kwa wazazi kwa kawaida ziliruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Kwa muda uliosalia mama alitegemea barua, akitafuta katika mistari michache dalili za ugonjwa au upweke ambao mwanawe hakutaka kuutaja. Simu ya kila wiki inayoruhusiwa sasa ni nafuu kubwa, na ya haki, ingawa haimwondolei ile hali ngumu ya kuona fahari na hofu kwa wakati mmoja. Waumini wanaojipanga kumpongeza kijana anaporejea wampe mkono na mama yake pia.