Mwalimu Mgeni, Wanafunzi Wenyeji

Kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, yaani kuwafundisha watu ambao hawakuzaliwa nacho wala hawakisikii mitaani kwao, ni ufundi ambao kwa sehemu kubwa ulichongwa na watu walioishi ugenini. Harold Palmer, aliyetoka Uingereza kwenda kufundisha Verviers, Ubelgiji, mwaka 1902, alialikwa Japani mwaka 1922 na mwaka uliofuata akaanzisha mjini Tokyo taasisi ya kutafiti ufundishaji wa Kiingereza. A. S. Hornby, aliyemfuata Japani, alitunga huko pamoja na wenzake wawili kamusi ya wanafunzi ambayo Oxford iliichapisha upya mwaka 1948. Nao John Haycraft na mkewe Brita walifungua shule Córdoba, Hispania, mwaka 1953, kabla ya kuanzisha mjini London, mwaka 1962, kozi fupi ya kuwaandaa walimu.

Kozi hiyo ndiyo asili ya cheti kinachojulikana leo kama CELTA, ambacho husimamiwa na Cambridge na hutolewa katika miji mingi duniani. Masharti yake ni saa zisizopungua 120 za masomo, kuwatazama walimu wazoefu wakiwa kazini, kazi nne za maandishi, na saa sita za kufundisha wanafunzi halisi wa viwango viwili tofauti, huku mkufunzi akiwa ameketi nyuma ya darasa akiandika. Kila somo likiisha, mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi, hueleza mwenyewe kilichofaulu na kilichokwama, kisha husikia maoni ya wenzake na ya mkufunzi. Saa sita si nyingi, lakini ni vigumu kuficha udhaifu ndani yake.

Jambo la kwanza ambalo mwanagenzi hulazimika kujifunza ni kupunguza maneno yake, kwa kuwa dakika anayozungumza mwalimu ni dakika aliyonyimwa mwanafunzi. La pili ni kupima uelewa bila kuuliza kama somo limeeleweka, swali ambalo wengi hulijibu "ndiyo" kwa adabu tu. Akifundisha hali timilifu kwa sentensi inayosema kwamba fulani ameishi Prague kwa miaka mitatu, huuliza: je, alihamia lini, na bado yuko huko? Majibu humwonyesha papo hapo nani ameshika maana na nani amekariri umbo tu. Maswali hayo mafupi, ambayo huandaliwa usiku kucha na kuulizwa kwa sekunde chache, ndiyo kipimo cha fundi, na aliyezaliwa na Kiingereza mara nyingi hutaabika kuyatunga, kwa sababu kanuni anazozitumia kila siku hajawahi kuziona.

Hapo ndipo ugeni unapokuwa mwalimu wa mwalimu. Anayeishi Madrid na kuhangaika na Kihispania sokoni hutambua kwa nini wanafunzi wake hutanguliza irabu mbele ya maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa s na konsonanti nyingine: lugha yao hairuhusu mwanzo wa namna hiyo. Kosa ambalo angeliona kama uzembe hulitambua kuwa ni kanuni ya lugha nyingine inayofanya kazi mahali pasipo pake, na subira yake hupata msingi wa kitaaluma.

Kutokana na hayo, dhana kwamba mzawa wa lugha ndiye mwalimu wake bora, ambayo Robert Phillipson aliipinga waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, haina mashiko, kwani aliyejifunza lugha ukubwani anaijua njia ambayo mzawa hakuipita. Hukumu hiyo inawahusu pia Waswahili wanaokwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani na Ulaya. Kukizungumza tangu utotoni hakumwezeshi mtu kueleza ngeli za nomino kwa Mmarekani wa mwaka wa kwanza. Ufundi huo una kanuni zake, unafundishika, na vyuo vyetu vinapaswa kuwapa walimu hao mafunzo ya vitendo darasani kabla hawajapanda ndege.