Umbo la Jina kama Kipimo cha Uhusiano: Uhakiki wa Majina ya Kirusi katika Hadithi Fupi Mbili za Anton Chekhov

1.0 Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anayeanza kusoma fasihi ya Kirusi kwa njia ya tafsiri hukutana mapema na tatizo la majina. Mhusika aliyetambulishwa kuwa Dmitri Fyodorovich huitwa Mitya ukurasa unaofuata, na baadaye akaitwa Mitenka, bila msimulizi kueleza kwamba wote hao ni mtu mmoja. Baadhi ya wachapishaji hutatua tatizo hili kwa kuweka mwanzoni mwa kitabu orodha ya wahusika, ambamo kila jina huwekwa mkabala na maumbo yake mengine. Orodha hiyo humsaidia msomaji asipotee. Hata hivyo, inamfundisha jambo lisilo kweli: kwamba Ivan, Vanya, Vanyusha na Vanka ni visawe, na kwamba mwandishi angeweza kutumia lolote kati yake pasipo hadithi kubadilika.

Makala hii inadai kinyume cha hayo. Katika Kirusi, umbo la jina hueleza zaidi uhusiano uliopo kati ya anayeita na anayeitwa kuliko linavyomweleza anayeitwa peke yake. Kwa hiyo, badiliko la umbo la jina katika kazi ya fasihi ni tukio, na mara nyingine ndilo tukio kuu. Dai hili linajadiliwa kwa kuhakiki hadithi fupi mbili za Anton Chekhov: ile ya mtu mnene na mtu mwembamba, iliyochapishwa mwaka 1883, na “Vanka” ya mwaka 1886. Hadithi hizi zimeteuliwa kwa sababu ni fupi mno kiasi kwamba kila umbo la jina lililomo linaweza kufuatiliwa moja baada ya jingine.

2.0 Mfumo wa Majina ya Kirusi kwa Muhtasari

Jina rasmi la Mrusi lina sehemu tatu: jina la mtu mwenyewe, jina litokanalo na la baba, na jina la ukoo. Sehemu ya pili huundwa kwa kuongeza viambishi tamati kwenye jina la baba: -ovich au -evich kwa mwana wa kiume, na -ovna au -evna kwa binti. Kumwita mtu kwa jina lake pamoja na la babaye ni kumpa heshima. Katika mazungumzo, sehemu hiyo hufupishwa, hivi kwamba Makarovich ikawa Makarych.

Mbali na umbo rasmi, majina mengi yana umbo la mkato litumiwalo na jamaa na marafiki: Ivan ni Vanya, Mikhail ni Misha, Sofya ni Sonya. Juu ya umbo hilo hujengwa maumbo mengine kwa viambishi. Vanechka na Vanyusha hubeba upole. Vanka, lenye kiambishi -ka, laweza kuwa la kirafiki baina ya watoto wa rika moja. Lakini likitamkwa na mkubwa kumhusu mdogo wake kicheo, hasa katika jamii iliyotoka kwenye mfumo wa ukabaila, lilibeba dharau au angalau ujuba. Kwa sababu hiyo, istilahi “jina la mapenzi” haifai kwa mfumo wote. Udogo wa umbo si lazima uwe upendo.

Lakabu ni jambo jingine. Lakabu hutokana na tabia, umbile au kisa cha mtu, wala haina uhusiano wa kisarufi na jina lake. Kuyachanganya maumbo ya mkato na lakabu chini ya istilahi moja ya “majina ya utani” ni kosa linaloziba njia ya uhakiki, kwani Chekhov anavitumia vitu hivi viwili kwa makusudi tofauti.

Historia inathibitisha kwamba uchaguzi wa umbo ulikuwa suala la mamlaka. Hadi mwishoni mwa karne ya 17, mtu aliyemwandikia mfalme wa Urusi ombi, hata akiwa wa tabaka la juu, alijiandika kwa umbo la kujidunisha. Ivan alijiita Ivashka, mtumwa wa mfalme. Mwaka 1701 Peter Mkuu alitoa amri ya kupiga marufuku “nusu-majina” hayo katika maombi, akataka watu wajiandike kwa majina kamili. Serikali isingehangaika na kiambishi kama kiambishi hicho kingekuwa pambo tu la lugha.

3.0 Jina Linalopotea: Mnene na Mwembamba

Hadithi ya kwanza inatokea katika kituo cha reli. Marafiki wawili waliosoma pamoja wanakutana baada ya miaka mingi. Mnene anamwita mwenzake Porfiry. Mwembamba anamwita Misha. Wanakumbushana lakabu za shuleni: Misha aliitwa Herostratus kwa kuwa alitoboa kitabu cha shule kwa sigara, na Porfiry aliitwa Ephialtes kwa kuwa alipenda kuwachongea wenzake. Herostratus ndiye aliyechoma hekalu la Efeso, na Ephialtes ndiye aliyewasaliti Wagiriki kule Thermopylae. Lakabu hizi zinawaweka wote wawili chini ya mzaha mmoja. Darasani hapakuwa na mkubwa.

Kisha mwembamba anauliza habari za kazi. Yeye mwenyewe ni mtumishi wa serikali wa daraja la 8 katika Orodha ya Vyeo iliyowekwa mwaka 1722. Mnene anajibu kwamba amefika daraja la 3. Tangu hapo jina Misha halitamkwi tena. Jambo la kuzingatia ni kwamba nafasi yake haichukuliwi na Mikhail pamoja na jina la babaye, ambayo ingekuwa heshima ya kawaida kati ya watu wazima. Inachukuliwa na anwani ya cheo, yaani “mtukufu”. Mwembamba anahamia pia kwenye wingi wa heshima katika vitenzi, na anaanza kubandika mwishoni mwa maneno yake kitamko -s, mabaki ya neno la Kirusi lenye maana ya “bwana”. Mtu aliyekuwa na jina amegeuka kuwa daraja.

Ushahidi wa ndani zaidi unapatikana kwa mtoto. Mwembamba anamtambulisha mwanawe mara mbili. Mara ya kwanza anamtaja kwa jina kamili, Nafanail, kisha anamgeukia mtoto mwenyewe na kumwita Nafanya, umbo la nyumbani, akimweleza kwamba huyu ni rafiki yake wa utotoni. Mara ya pili, baada ya kujua cheo cha mwenzake, anamtambulisha tena mtoto yuleyule kana kwamba hajawahi kumtambulisha, na sasa ni Nafanail peke yake. Umbo la nyumbani limeondolewa mbele ya mkubwa kama vile mtu anavyofunga vifungo vya koti. Unyenyekevu wa mwembamba, kwa hiyo, haukuishia kwake. Umeingia hata katika namna anavyomtaja mwanawe.

Mnene anakataa mabadiliko hayo na kumkumbusha mwenzake urafiki wao, lakini kukataa kwake hakufui dafu. Hapa ndipo hoja ya makala hii inapoonekana waziwazi: jina la mkato haliwezi kudaiwa na anayeitwa. Lazima litolewe na anayeita. Mnene ana uwezo wa kuamrisha mengi, lakini hawezi kumwamrisha Porfiry amwite Misha, kwa maana jina lililotamkwa kwa amri limekwisha kuwa utiifu.

Msimulizi naye ana nafasi yake. Muda wote anawaita wahusika hawa “mnene” na “mwembamba”, lakabu za umbile ambazo hawakuzichagua. Kwa njia hiyo msomaji anawaona wote wawili wakiwa miili tu kabla ya vyeo na baada ya vyeo.

4.0 Jina Linalodaiwa: Vanka

Hadithi ya pili inamhusu mvulana yatima wa miaka tisa aliyepelekwa Moscow kujifunza kazi kwa fundi viatu. Usiku wa mkesha wa Krismasi, mabwana wake wakiwa wamekwenda kanisani, anamwandikia babu yake barua akimsihi aje amchukue, kwa maana anapigwa, ana njaa na hapati usingizi.

Maumbo matatu ya jina lake yanatumika. La kwanza ni Vanka. Ndilo jina la hadithi na ndilo analotumia msimulizi tangu sentensi ya kwanza. Ni jina la mtoto wa jikoni. Ndilo linalotumika pia pale msimulizi anapoeleza jinsi yatima huyu, baada ya kifo cha mama yake, alivyoondolewa katika nyumba ya mabwana akapelekwa kwa babu yake katika jiko la watumishi, kisha Moscow. La pili ni Vanyushka. Linajitokeza katika kumbukumbu ya mtoto huyu ya kwenda msituni na babu yake kukata mti wa Krismasi, ambapo babu anamcheka mjukuu anayetetemeka kwa baridi. Katika kijisehemu hicho mtoto ana baridi kama alivyo na baridi Moscow, ila jina lake lina joto. La tatu ni Ivan Zhukov, na analitumia yeye mwenyewe anapotia saini barua.

Wahakiki wanaoisoma hadithi hii kama kisa cha huruma tu hupita haraka juu ya saini hiyo. Yapaswa kusimama hapo. Barua ya Vanka kwa maudhui ni ombi: mtoto anapiga magoti kwa maneno, anaahidi kutumika na kukubali kuchapwa akikosea. Mwombaji wa zamani angejidunisha katika jina lake. Mtoto huyu anajidunisha katika kila jambo isipokuwa katika saini yake. Mwishoni anasimama kwa jina lake kamili na la ukoo, kama mtu mzima anayewajibika kwa neno lake. Hapo, katika saini, hajiiti Vanka.

Kinaya kinakamilika kwenye bahasha. Mtoto anaandika kwamba barua iende kijijini kwa babu. Anakuna kichwa, anafikiri, kisha anaongeza jina: Konstantin Makarych. Hakuna jina la ukoo, hakuna jina la kijiji. Kwa mtoto, jina la babu pamoja na la babaye, tena katika umbo lililofupishwa la mazungumzo, linatosha kumtambulisha mtu ulimwenguni kote, kwa sababu lilitosha katika dunia aliyoijua. Posta, hata hivyo, haijui uhusiano, inajua anwani. Barua haitafika kwa sababu imeandikwa kwa jina linalofanya kazi ndani ya uhusiano tu, na uhusiano huo upo mbali. Saini ina jina linaloeleweka na serikali, bahasha ina jina linaloeleweka na moyo, na kila moja lilihitajika mahali pa jingine.

5.0 Changamoto kwa Mfasiri wa Kiswahili

Kiswahili kina majina ya mkato. Abdallah huitwa Dula, Mohamed huitwa Mudi, Hadija huitwa Dija. Hata hivyo, hakina ngazi ya viambishi inayoweza kupandishwa na kushushwa juu ya jina moja kadiri hisia zinavyobadilika. Kiambishi cha udogo ki- kinapowekwa kwenye nomino ya mtu mara nyingi huleta dharau, kama katika kijitu, na hakikai kwa urahisi kwenye jina la mtu. Mizani ya uhusiano katika Kiswahili imewekwa kwingine: katika istilahi za ukoo, katika kumwita mzazi kwa jina la mwanawe, kama Mama Asha, na katika maamkizi. Msemaji anayeacha kumwita mtu “kaka” na kuanza kumwita “mheshimiwa” amefanya alichofanya Porfiry.

Ipo pia changamoto ya sikio. Nafanya, jina la mtoto wa kituoni, kwa msomaji wa Kiswahili ni kitenzi. Sonya, mhusika mpole kuliko wote katika riwaya ya Dostoevsky ya mwaka 1866 kuhusu uhalifu na adhabu, analingana kimatamshi na kitendo cha kufyonza kwa dharau. Mfasiri anayetaka kukwepa vicheko visivyotarajiwa anaweza kushawishika kutumia umbo moja rasmi toka mwanzo hadi mwisho. Kishawishi hicho kinaeleweka, lakini gharama yake ni kubwa: Nafanail akiwa Nafanail mara zote, woga wa baba yake hauonekani, Vanka akiwa Ivan tangu kichwa cha hadithi, saini ya barua haisemi kitu.

Pendekezo la makala hii ni kwamba maumbo ya Kirusi yabakizwe, na uzito wake ubebwe na viashiria vya Kiswahili vinavyoyazunguka. Vanyushka anaweza kutanguliwa na neno “mjukuu wangu” au kuzungukwa na utani wa babu na mjukuu, utani ambao msomaji wa Kiswahili anaujua bila kufundishwa. Vanka anaweza kutanguliwa na “kitoto” pale msimulizi anapoeleza alivyoondolewa. Saini iachwe kama ilivyo, bila nyongeza, ili msomaji aone kwamba kuna jambo limebadilika.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba katika hadithi hizi mbili maumbo ya majina yanabeba msuko. Katika ya kwanza, mtu anapoteza jina alilopewa na rafiki kwa sababu amepanda cheo. Katika ya pili, mtoto asiye na cheo chochote anajipa jina ambalo hakuna mtu mzima katika hadithi anayempa. Orodha ya wahusika mwanzoni mwa kitabu ina manufaa yake, lakini isomwe kama orodha ya milango wala si ya visawe: kila umbo linaonyesha ni nani amesimama upande gani, na kama mlango umefunguliwa au umefungwa. Mfasiri na mhakiki wa Kiswahili wanaolisahau hilo watamfikishia msomaji visa vya Chekhov, lakini barua ya Vanka itakuwa imepotea mara ya pili.